Mti wa mtoto, udongo wa nani?

(Mazungumzo ya redio kwa jamaa zilizokimbia vita, kwa wenyeji waliowapokea na kwa wakuu wa vijiji)

Leo tutasema juu ya watoto wachanga na juu ya miti. Msicheke. Mtaona mbele kidogo kwamba mambo hayo mawili yakikutana vibaya, panga haliko mbali.

Vita haizuii mimba. Hata kambini, hata darasani ambamo jamaa nyingi zimelala chini pamoja, hata katika chumba kimoja ulichoazimwa na mwenye nyumba, watoto wanazaliwa. Na mtoto akizaliwa, watu wanakuja kumwona. Huyu analeta kipande cha sabuni, yule kilo ya sukari, mwingine kitenge cha kumbebea. Shangazi akiwa na nguvu analeta kuku ili mama apate mchuzi. Zawadi hizo ni njema, na sisemi ziachwe; mama aliyejifungua anahitaji mchuzi kuliko maneno yangu ya redioni. Lakini sabuni inaisha kwa juma moja. Ndiyo maana wako wazee ambao, mjukuu akizaliwa, wanachukua jembe, wanapanda mgomba au mti wa avoka nyuma ya nyumba, na wanasema: huu ni wake.

Ukifikiri vizuri, lugha yetu yenyewe imekwisha kufunga ndoa kati ya mtu na mti. Tunasema shina la ukoo, tunasema matawi ya jamaa, tunasema fulani ana mizizi hapa. Tena tunasema: kwetu ni pale kitovu changu kilipozikwa. Ndugu zetu Waganda, huko Uganda, walikuwa na desturi ya kuzika kondo la nyuma chini ya mgomba, na mgomba ule uliheshimiwa, haukuwa wa kila mtu kukata. Basi mtu akipanda mti kwa ajili ya mtoto, anatamka kwamba mtoto huyu ana mahali pake duniani.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Wewe mama uliyekimbia, kitovu chako kimezikwa kule ulikotoka. Mtoto wako amezaliwa hapa. Unapenda naye awe na mahali pake. Unaomba mche kwa jirani, unauchimbia shimo karibu na mlango, unamwagilia maji yaliyobaki ya kuogeshea mtoto. Moyo wako umefurahi. Mwenye shamba anapita asubuhi, anaona ule mche, anasimama. Hasemi kitu. Anaenda kumwambia ndugu yake: hawa watu sasa wanapanda miti.

Kwa nini anaogopa? Si roho mbaya. Katika vijiji vingi vya kwetu, mwenye kupanda mahindi au maharagwe ni mpitaji. Atavuna na ataondoka. Lakini mwenye kupanda mti anasema nimekaa. Waangalie Wabashi, huko Kivu ya Kusini. Desturi yao inatofautisha kalinzi na bwasa. Kalinzi ni udongo ambao mtu anaupata kwa chifu kwa kutoa ng'ombe, na watoto wake wataurithi. Bwasa ni udongo wa kuazima kwa muda, na aliyeazima haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu kama mgomba, kahawa au miti. Analima vya msimu tu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliandika kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, lakini kijijini wazee waliendelea kutazama miti: nani alipanda, nani alimwona akipanda, nani alinyamaza. Mti ulikuwa ndiyo karatasi. Kwa hiyo ule mche wako mdogo, ambao kwako ni zawadi ya mtoto, kwa mwenye shamba unaweza kuwa kesi ya miaka 20 ijayo.

Nawasimulia habari moja ya zamani sana, kutoka nchi nyingine kabisa, kusudi muone kwamba jambo hili halikuanza kwetu. Talmudi ni kitabu kikubwa cha mafundisho ya walimu wa Wayahudi. Mle ndani inasimuliwa habari ya mji uitwao Betar, ambao jeshi la Warumi liliuangusha mwaka 135. Watu wa Betar walikuwa na desturi: akizaliwa mtoto wa kiume wanapanda mwerezi, akizaliwa wa kike wanapanda mti mwingine wa jamii ya misonobari. Watoto wakikua na kuoana, miti yao inakatwa, na kwa matawi yake kinajengwa kibanda cha arusi. Desturi nzuri, sivyo? Siku moja, wasema walimu wale, binti wa Kaisari alikuwa anapita, na mti wa gari lake ukavunjika. Watumishi wake wakatazama huku na huku, wakaona mwerezi umesimama, wakaukata watengeneze gari. Hawakuuliza. Kwao ulikuwa mti tu. Wenyeji wakawarukia, wakawapiga. Habari ikafika kwa Kaisari: Wayahudi wameasi. Naye akaleta jeshi.

Wenye kuandika historia wanayo maelezo mengine ya vita ile, na masimulizi haya hatuyachukui kama taarifa ya polisi. Lakini walimu wale walijua wanachosema. Mti ule ulikuwa na jina la mtoto, na mpitaji hakulijua. Na mimi nauliza: hapa kwetu, vikundi vya watu vikikata kuni na kuchoma makala, wanajua wanakata mti wa nani? Mwaka 1994, wakimbizi wengi mno walipoingia Goma kutoka Rwanda, mbuga ya Virunga ilipoteza miti mingi kwa sababu ya kuni za kupikia. Mtu mwenye njaa haoni mti, anaona moto wa jioni. Simlaumu. Lakini mwenye mti naye ana macho, na anakumbuka.

Sasa nawaletea mfano wa pili, na huu mnaujua, Wakristo na Waislamu, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa imani kwetu sote. Someni katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, lakini someni kwa kufuata utaratibu wa mambo. Isaka anazaliwa. Anaachishwa ziwa, na karamu kubwa inafanywa. Halafu inakuja kesi ya kisima. Ibrahimu ni mgeni katika nchi ile, na watumishi wa mfalme Abimeleki wamemnyang'anya kisima alichokichimba. Ibrahimu hanyamazi, wala hachukui silaha. Anamwambia mfalme waziwazi. Mfalme anajibu kwamba hakujua habari hizo, na hakuna aliyempasha. Ibrahimu anampa mfalme wanyama. Ibrahimu anatenga wana-kondoo 7 wa kike wawe ushahidi kwamba kisima ni chake. Wanaapa wote wawili. Ni baada ya hayo yote ndipo Ibrahimu anapanda mti pale Beer-sheba. Biblia zetu za Kiswahili zinauita mkwaju.

Mmeona? Maneno kwanza, mashahidi pili, mti mwisho. Sisi tunapenda kuanza na mti, halafu tunatafuta mashahidi siku ya ugomvi, wakati nusu yao wamekufa na nusu wamehongwa.

Basi tufanye nini? Wako wanaosema, afadhali mkimbizi asipande kitu kabisa mpaka arudi kwao. Mimi sikubali. Kuna jamaa ambazo zimekimbia mara 3, mara 4. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini anaweza kuanza shule kabla wazazi wake hawajaona tena mlima wao. Kumwambia mama kama huyo asubiri ni kumwambia mtoto wake si wa mahali popote. Nasema apande, lakini tuutenganishe mti na udongo. Mti ni kitu kimoja, udongo ni kitu kingine, na jambo hilo lisemwe kwa sauti mbele ya watu.

Wewe mwenye shamba uliyewapokea, wewe ndiye unayeweza kufanya jambo hili liwe rahisi. Usingoje mgeni aanze. Mtoto akizaliwa nyumbani mwako au karibu na ukuta wako, mpelekee mche wewe mwenyewe. Hapo mti umetoka mkononi mwako. Hakuna atakayesema umevamiwa. Chagua mahali wewe, palipo mbali na mpaka wa jirani. Ita watu wawili wa kwako na wawili wa kwao, na mkuu wa nyumba kumi. Kisha sema maneno kama haya: «Udongo huu ni wangu na wa watoto wangu. Mti huu ni wa mtoto huyu. Matunda yake yataliwa naye, na watoto wangu watakula pamoja naye. Siku jamaa hii itakaporudi kwao, mti utabaki, nasi tutautunza, na mtoto akija kututembelea atachuma bila kuomba.» Na baba wa mtoto ajibu: «Tumesikia. Tunapokea mti, hatudai udongo.» Maneno yenyewe mtayapanga kwa lugha yenu; mradi mambo hayo mawili yasikosekane.

Ninyi wakuu, sikilizeni hapa. Nunueni daftari moja la shule. Andikeni jina la mtoto, siku aliyozaliwa, mti wa namna gani, uko shamba la nani, na mashahidi ni nani. Mistari mitano inatosha. Na tafadhali, msiombe mbuzi, msiombe pombe, msiombe franka kwa kazi hiyo. Siku mtakapoifanya iwe kodi, watu watapanda usiku, na kesi zitarudi mlangoni penu. Tena ninyi mna uwezo ambao mwenye shamba mdogo hana: udongo wa kijiji. Kando ya shule, kando ya kanisa na msikiti, pembeni mwa chemchemi, kuna nafasi ambazo wazee na wenye mahali hapo wakikubaliana, miti ya watoto wote, wa wenyeji na wa waliokimbia, inaweza kusimama katika mstari mmoja bila kugusa shamba la mtu.

Kule India, katika jimbo la Rajasthan, kuna kijiji kinachoitwa Piplantri. Aliyekuwa mkuu wake, Shyam Sundar Paliwal, alifiwa na binti yake, na tangu miaka ya 2000 kijiji kile kimekuwa kikipanda miti 111 kila anapozaliwa mtoto wa kike. Wanapanda katika malisho ya kijiji, ambayo ni ya wote. Tena wazazi wanatia sahihi kwamba hawatamwoza binti yao kabla ya miaka 18. Nawaambieni habari hiyo kwa sababu kwetu pia mara nyingi shangwe ya mtoto wa kiume ina ngoma, na ya mtoto wa kike ina sabuni peke yake. Miti 111 ni mingi, na sisi hatuna India. Mmoja unatosha, lakini msichana naye aupate.

Nanyi mlio kambini, ambako udongo ni wa parokia, wa shule au wa mwenye konsesyo, na kesho mnaweza kuambiwa kuhama? Pandeni katika kopo au bidoni iliyokatwa, iliyotobolewa chini maji yapite. Mche unaweza kukaa humo miezi mingi, na siku ya safari unabebwa kama sufuria. Wako watakaoona ni mchezo wa watoto. Mimi naona mama anayebeba mche wa mwanawe ana kitu cha kumwonyesha mwenyeji mpya wakati wa kuomba mahali.

Ni mti gani? Hapa niseme wazi: mkalitusi usiwe zawadi ya mtoto. Najua unakua haraka na unaleta fedha ya mbao na makala. Lakini unakunywa maji mengi, mazao ya karibu yananyauka, na jirani hatakushukuru. Mti wa avoka ni mzuri sana milimani. Ukipandwa kwa mbegu subirini miaka 5, 6, hata 8, maana yake mtoto ataonja matunda yake wakati anajifunza kusoma. Mkitaka mapema, binyomoro huzaa karibu na mwaka wa pili. Mpapai ni wa sehemu za joto, kama Uvira na bonde la Ruzizi. Huko unaweza kuzaa katika mwaka mmoja hivi, lakini milimani unachoka. Pandeni mipapai miwili mitatu, kwa kuwa mingine ni dume na haileti kitu.

Mgomba ndio zawadi ya wengi, nami naupenda, lakini angalieni. Tangu mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, na baadaye ukaenea mahali pengi pa Kivu. Majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kutu, na ukikata shina linatoa maji mazito ya manjano. Ugonjwa huo unasafiri ndani ya chipukizi na juu ya panga. Ukimletea mtoto chipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa, umeharibu shamba lote la aliyekupokea, na hapo hakuna maneno ya ushahidi yatakayokuokoa. Chukua chipukizi katika shamba unalolijua, na panga lipitishe motoni kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi hadharani, nami nitalisema. Watu wengine wanaamini kwamba mti wa mtoto ukikauka, mtoto atakufa, au kwamba mtu fulani ameurogea mti ili amfikie mtoto. Wandugu, miche inakauka. Mchwa wanaila, mbuzi wanaila, jua linaichoma, watoto wanaicheza mpira. Na watoto wachanga wanakufa kwa malaria, kwa kuhara, kwa utapiamlo, hasa pale watu walipokimbia na maji safi hayapatikani. Mti ukifa, pandeni mwingine siku hiyohiyo, pasipo kuuliza nani alipita usiku. Mtoto akipata homa, mpelekeni kwenye kituo cha afya, msimpeleke mkatazame mti. Bikizee maskini asipigwe mawe kwa sababu ya avoka. Tena kama mtoto mwenyewe ametangulia, mama asilazimishwe kuutunza mti wala kuukata. Mwacheni aamue taratibu.

Na mti usichukue nafasi ya karatasi. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe katika ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na katika siku hizo kuandikisha ni bila malipo. Mti unajulisha majirani kwamba mtoto yupo. Shuleni na kwenye vizuizi vya njiani wataomba cheti.

Nimebakiza neno kwa wale wanaorudi. Umekimbia miaka 4, umerudi mlimani kwako, na katika shamba la baba yako unakuta mti mchanga ambao hukuupanda. Unauliza, unaambiwa: mtu aliyekaa hapa ulipokuwa mbali aliupanda mtoto wake alipozaliwa. Damu inachemka. Unaona kama ameandika jina lake juu ya kaburi la babako. Nakuomba, usiku huo panga lilale. Ukiukata, hutakuwa umekata mti. Yule mama ataona umemkata mtoto, na mmekwisha kusikia yaliyopata Betar. Nenda kwa mkuu, ita barza la wazee. Udongo ni wako, na useme hivyo bila woga. Mti hauwezi kukunyang'anya udongo kama wazee wanakumbuka ukweli. Kisha mwulize yule mtu, mbele yao, anataka nini juu ya mti. Labda atapokea mche mwingine badala yake, aupande kwake. Labda mtakubaliana matunda yagawanywe mpaka mtoto akue. Na wewe uliyepanda katika shamba la aliyekimbia, ulijua lina mwenyewe. Nenda kwake kabla hajakujia.

Mvua za Septemba ndizo nzuri za kupandia huku kwetu, kwa hiyo wenye watoto wa miezi hii wana muda wa kutafuta mbegu na kuzungumza na mwenye shamba. Shimo liwe na upana wa mikono miwili, udongo wa juu urudishwe kwanza, na mche uzungushiwe miba, kwa kuwa mbuzi hawaji kwenye barza.